Majirani Walikuwa Namba Saba

Nilipohamia Bariadi nilikuwa na sanduku moja la nguo, kitanda cha chuma kinachofunguka vipande vinne, na daftari. Nguo zimekwisha, kitanda nilishampa mtu, lakini daftari ninalo mpaka leo. Kila ninapoanza kujiona mtu mwenye akili, hulifungua ukurasa wa kumi na mbili, nikasoma, nikatulia.

Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa bado jina la mto. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria la pamba. Kabla ya hapo mkulima alipeleka pamba yake kwa chama cha ushirika, akapewa karatasi, akaenda nyumbani kusubiri. Sasa makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameingia, kila moja na mizani yake na bango lake, na mkulima alipitisha mkokoteni wake mbele ya mizani zote, polepole, kama baba mwenye binti anayeposwa na wengi. Kampuni moja ilitafuta mkaguzi wa ubora, yaani mtu wa kuingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko na kusema kama pamba imenyunyiziwa maji au imetiwa mchanga. Kazi hiyo niliijua. Nilikuwa nimeifanya katika kiwanda cha nguo Morogoro, mpaka kiwanda kilipopunguza watu na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa.

Watoto wangu wawili niliwaacha kwa dada yangu kule Morogoro. Baba yao alikuwa amefariki. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo minne. Dada alikubali kwa sharti moja.

"Sikuletei watoto kwenye chumba cha kupanga," alisema. "Leo umepanga, kesho umefukuzwa. Pata nyumba iliyo yako, nami nitawapandisha treni mwenyewe."

Nilikuwa nimepanga chumba uani mwa nyumba ya wageni karibu na soko, na mwenye nyumba alishanieleza kwamba hapendi watoto wala kuku. Kwa hiyo nilikuwa nikitafuta nyumba ya kununua, tena ipatikane kabla shule hazijafunguliwa Januari. Halafu ikaja barua ya dada. Baada ya habari za mvua na bei ya mchele, mwishoni kabisa, aliandika kwamba yule mdogo ameanza kumwita yeye mama. Nilimwandikia kuuliza, na mimi ananiitaje? Akajibu kwa uaminifu wake wa siku zote: "Wewe anakuita yule wa Bariadi."

Siku nilipoipata barua hiyo nilinunua daftari jipya. Mtu mwingine angelia. Mimi hupanga mambo kwa namba.

Nilianzia ofisi ya ardhi. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na wino wa moja ulikuwa umevujia shati.

"Dada, unataka kilichopimwa au ambacho hakijapimwa?"

"Nataka nyumba."

"Nyumba inakaa juu ya kitu."

Akanieleza, nami nikaandika. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni, vile vijiti vya zege vinavyochimbiwa kwenye kona, na kina namba kwenye ramani. Mwenye kiwanja hicho hupewa ofa, barua ya serikali inayosema kwamba amekubaliwa kukimiliki. Baada ya ofa huja hati.

"Baada ya muda gani?" niliuliza.

"Baadaye."

Nikaandika: *Hati: baadaye.*

"Na ambacho hakijapimwa?"

"Hicho hakina bikoni. Mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wa pande zote nne wanasaini. Bikoni zako ni majirani."

Nilicheka kwa adabu, nikidhani ni mzaha wa ofisini. Niliuandika pembeni kwa herufi ndogo, kama mtu anavyoandika mzaha wa ofisini.

Kwa wiki tatu nilizunguka na dalali. Nilijifunza kwamba "nyumba nzuri" kwa dalali ni kuta nne zisizo na paa. Kitu kama hicho huitwa pagale, na nilionyeshwa mapagale mengi kiasi kwamba nilianza kuyapanga kwa madaraja, kama pamba. Nilijifunza pia kwamba "karibu na mjini" maana yake mji unaonekana ukipanda juu ya kichuguu. Mwishowe niliachana na dalali, nikaipata nyumba mwenyewe, kwa kusikiliza watu waliopanga foleni kwenye mizani yetu. Karani mmoja wa zamani wa ushirika, mtu mrefu sana, alikuwa anauza nyumba yake pembeni mwa mji ili arudi kwao Shishiyu kwenye ng'ombe wake. Ushirika ulikuwa umenyamaza na yeye hakuwa na kazi ya kumweka mjini.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, paa la bati, kisima, na mwarobaini mmoja. Niliipenda kabla sijashuka kwenye baiskeli, jambo ambalo mkaguzi hatakiwi kulifanya. Tulikubaliana. Eneo halikupimwa, kwa hiyo usiku ule nikaandika ukurasa wa kumi na mbili, ambao nauweka hapa kama ulivyo: moja, kukagua paa. Mbili, kukagua kisima. Tatu, kupima eneo. Nne, kupokea funguo. Tano, kusafisha eneo. Sita, kupaka chokaa. Saba, majirani wasaini. Nane, mwenyekiti agonge mhuri. Tisa, watoto.

Karani alikuwa na haraka. Namba nne ilipofika, alinipa funguo akaniambia, "Mama, niwaite majirani leo hii hii tupitie mpaka? Wote wapo nyumbani."

"Kila jambo kwa utaratibu wake, mzee," nilimjibu. "Majirani ni namba saba."

Alichungulia daftari kutoka huko juu alikokuwa. "Haya. Mwenye namba ni wewe."

Eneo nilikuwa nimeshalipima, na hapo ndipo elimu yangu iliponiponza. Karatasi ya karani ilisema eneo lina hatua arobaini kutoka mlangoni kwenda magharibi, na mwisho wake ni mstari wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe inayopandwa kuwa ua. Mistari ya minyaa ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa karibu, mwembamba, una mapengo. Wa pili ulikuwa mbele zaidi, mnene, umenyooka. Katikati yake palikuwa na majani marefu yaliyokauka, yanafika kifuani. Nilihesabu hatua zangu arobaini, zikaishia kwenye ule mwembamba. Mtu wa kawaida angeridhika. Mimi nilikumbuka kwamba hatua za kwenye karatasi zilipigwa na mtu mrefu. Nikazidisha, nikagawanya, nikaongeza hatua kumi kwa ajili ya urefu wa miguu yake, nikafika kwenye minyaa mikubwa. Nilifurahi kama mtu aliyegundua wizi.

Namba tano niliifanya Jumapili moja ya Septemba. Niliwachukua vibarua wawili wenye mafyekeo. Walisafisha uwanja wa nyumba haraka, wakafika kwenye minyaa myembamba, wakasimama.

"Mayu, na huku?" aliuliza mmoja. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na nilikuwa nimeanza kupenda kuitwa hivyo.

"Mpaka kule kwenye minyaa mikubwa."

"Umeongea na mwenyewe?"

"Mwenyewe ndiye huyu unayeongea naye."

Walitazamana. Mmoja alitema mate viganjani, akainua fyekeo. Niliandika kwamba vibarua wa huku hawachangamki.

Walipoondoka nilikuwa na marundo kumi na moja ya majani, makavu, rangi ya mkate. Nilikwenda dukani, nikanunua kiberiti. Nilikuwa nimewasha rundo la tatu nilipomwona mwanamke anakuja mbio kutoka upande wa minyaa mikubwa, kichwa wazi, mwiko wa ugali mkononi.

"Zima! We mwanamke, zima!"

Tulizima pamoja, yeye kwa miguu na mchanga, mimi kwa tawi la mwarobaini. Moto ulipokufa alihesabu marundo yaliyobaki, akaketi juu ya mojawapo, akafuta uso kwa mkono. Kisha, kwa kuwa huku hakuna ugomvi unaoanza bila salamu, akanisalimu.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka mhola," nilijibu. Ni salamu ya asubuhi na jibu lake, na mhola ni salama. Hicho ndicho Kisukuma changu chote.

"Hapa hakuna mhola," alisema. "Unafuga?"

"Hapana."

"Unalima?"

"Hapana."

"Sasa majani yangu yamekukosea nini?"

"Nilidhani ni pori. Niliogopa nyoka."

"Nyoka wamo. Na wao waliniomba kabla ya kukaa."

Nilichofyeka kilikuwa ngitili yake. Kila anayesoma hapa akiwa mtu wa huku ameshalijua hilo tangu nilipotaja majani yanayofika kifuani, na ninamwomba anivumilie kwa ajili ya wengine. Ngitili ni eneo la malisho ambalo familia hulifunga wakati wa mvua, mnyama asitie mguu, ili majani yasimame na kukauka. Kiangazi kinapokausha nchi yote, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo kwa ndama, kwa ng'ombe wagonjwa, na kwa maksai, wale madume waliohasiwa wanaokokota plau. Mama huyu alikuwa mjane mwenye maksai wanne. Alikuwa amelitunza eneo lile tangu mvua za mwaka uliopita. Mimi, niliyeweza kujua kwa kidole kwamba gunia limenyunyiziwa maji jana jioni, nilikuwa nimelitazama ghala la chakula nikaona uchafu.

Mjane huyo alikuwa jirani yangu wa magharibi. Sahihi yake ilikuwa moja ya nne.

Nilikwenda kwa majirani watatu waliobaki kwa haraka, nikidhani angalau hao ningewawahi. Wote walinikaribisha vizuri, wakanipa viti, na hakuna aliyesaini. Maksai wale wanne ndio waliolima mashamba yao pia, kwa zamu, kila mwaka.

"Wakilala njaa wale, sisi tutalima kwa meno?" aliniuliza jirani wa kaskazini, mkewe akicheka nyuma ya mlango.

Mwenyekiti wa kitongoji naye alinionyesha karatasi ya mauziano. "Tazama. Mistari minne, yote mitupu. Unataka nigonge mhuri hewani?"

"Mzee, nifanyeje?"

"Ulipaswa kupita na majirani kwenye mpaka kabla ya kushika funguo. Hapa huwa tunaanza na hilo."

"Kwangu lilikuwa namba saba."

"Nimesikia," alisema. "Kitongoji kizima kimesikia."

Kwa kweli nilikuwa nimeshapata jina. Watoto waliochota maji walinyoosha kidole na kusema: mama wa kiberiti.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuandika barua ya kuomba radhi. Niliipiga kwa mashine ya ofisini, ikiwa na kumbukumbu namba, aya tatu, na nakala kwa mwenyekiti. Nasema haya ili isionekane kwamba nilijifunza haraka. Mjane aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akanirudishia.

"Mimi sisomi," alisema. "Na maksai hawasomi."

Nilirudi kazini nimeinamisha kichwa, na pengine ndiyo sababu nikaona kilichokuwa chini. Kwenye kiwanda cha kampuni yetu, baada ya pamba kutenganishwa na mbegu, mbegu zilirundikwa nyuma ya ghala. Kila siku watu wa kijiji cha Kasoli waliokuja kuuza pamba walirudi na magunia ya mbegu kwenye mikokoteni yao. Nilikuwa nimeona jambo hilo kwa miezi mitatu na hata kuliandika kwenye ripoti zangu kama "uondoaji wa mabaki". Siku hiyo nilimuuliza mmoja wao anapeleka wapi.

"Kwa ng'ombe," alisema, akinitazama kwa huruma. "Mama, wewe si ndiye mkaguzi?"

Jumamosi nilinunua gunia moja, nikalifunga kwenye baiskeli ya kukodi, nikaisukuma mpaka kwa mjane kwa sababu kuipanda na gunia lile sikuweza. Nilianguka mara mbili. Alinitazama nikija tangu mbali na hakuinuka. Gunia liliposhuka alilifungua, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akachota mbegu kutoka chini kabisa, akanusa, akazisugua kiganjani.

"Kavu," alisema.

"Ulidhani nimetia maji?"

"Nyie wa makampuni si ndivyo mnavyotuuliza kila siku?"

Kila alichofanya na mkono ule nilikuwa nimekifanya kwa mamia ya watu, wakiwa wamesimama mbele yangu na mkokoteni, nami sikuwahi kufikiri mkono huo unaonekanaje kutoka upande ule.

Tukakubaliana. Marundo manane yaliyosalimika nitayabeba mwenyewe kichwani mpaka zizini. Kila Jumamosi nitaleta gunia la mbegu. Mvua ikinyesha, maksai wataingia shambani. Wakilima, ataweka dole gumba. Wasipolima, hapana.

"Na hao watatu?" niliuliza.

"Hao wananitazama mimi."

Kwa hiyo Septemba iliyobaki na Oktoba yote nilikuwa na nyumba yenye chokaa nyeupe ambayo haikuwa yangu, na maksai wanne ambao kwa namna fulani walikuwa wangu. Nilijifunza kuwatofautisha. Mmoja, mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, alikuwa dhaifu kuliko wenzake, na kila Jumamosi nilimchunguza mbavu kama mtu anayesoma kalenda. Niliziandika mbavu zake kwenye daftari. Zilipopungua kuonekana, kutoka tisa hadi saba, nilimwandikia dada kwamba mambo yanaendelea vizuri. Alijibu: "Mambo gani? Nyumba ipo au haipo?"

Jumamosi moja ya Novemba mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Nilikuwa namsaidia mjane kumwaga mbegu kwenye kihori cha kulishia, nikiuliza kwa mara ya nne kama mvua itakuja wiki ile.

"Una haraka gani wewe?" alisema. "Nyumba haitembei."

"Nina watoto wawili Morogoro. Hawaji mpaka karatasi isainiwe."

Aliacha kumwaga. "Una watoto?"

"Wawili. Mdogo ana miaka minne."

"Miezi miwili unaniletea mbegu. Umeniletea na barua. Hukusema una watoto?"

Nilifungua mdomo kujieleza, na kilichonijia kichwani, ninaona aibu kukisema, ni kwamba watoto walikuwa namba tisa.

"Wanalala kwa nani?"

"Kwa dada yangu. Huyo mdogo anamwita dada mama."

Mjane alitikisa kihori mpaka mbegu zikakaa sawa. Nilidhani angesema nilete karatasi. "Maksai wakilima nitaweka dole," alisema. "Neno langu ni lile lile. Lakini huyu mwekundu mwongezee mbegu."

Mvua ilinyesha usiku wa Alhamisi. Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo bosi wangu aliniomba nirudie kuisema, nikaenda shambani. Majirani wote walikuwepo, na mwenyekiti, na yule karani mrefu aliyekuja kutoka Shishiyu kufuatilia nyumba yake isiyouzika. Maksai walifungwa nira. Mfereji wa kwanza wa plau ulikwenda vizuri. Wa pili ukaenda. Katikati ya wa tatu, yule mwekundu akasimama.

Aliyeshika plau hakupiga mjeledi. Watu wote, mmoja baada ya mwingine, waligeuka kunitazama mimi, kana kwamba ningeweza kuingia kwenye nira. Nadhani kama wangeniambia ningeingia.

Maksai alikojoa, kwa muda mrefu na kwa utulivu mkubwa. Kisha akaendelea.

"Mayu!" aliita jirani wa kaskazini. "Pumua sasa!"

Jioni ile tulipita kwenye mpaka, watu saba kwa mstari, karani akiwa mbele. Hatua zake arobaini ziliishia kwenye minyaa myembamba yenye mapengo. Alikuwa, alinieleza, amepima kwa hatua fupi za makusudi, kama kila mtu anavyofanya huku, ili mnunuzi asije akadai amepunjwa. Hatua kumi nilizoiongezea miguu yake zilikuwa zangu peke yangu.

Majirani watatu walisaini. Mjane alibonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino nilichoazima ofisini, akaliweka kwenye mstari wa magharibi, akalitazama likiwa jeusi, akalifuta mgongoni kwa yule maksai mwekundu. Mwenyekiti akagonga mhuri.

"Sasa waandikie hao watoto," alisema mjane. "Waje na viatu. Ngitili ina miiba."

Walikuja kabla ya Januari, pamoja na dada, kwa treni mpaka Malampaka, na kutoka hapo kwa lori la kampuni, juu ya magunia matupu. Mkubwa alinikumbatia. Mdogo alinipa mkono kama mgeni wa ofisi, akarudi kushika kanga ya dada. Siku tatu aliniita "wewe". Sikumlazimisha. Nilipika, nilifua, nilimwonyesha kisima kwa mbali, na sikuandika chochote.

Siku ya nne mjane alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Mdogo alikuwa uwanjani na watoto wa jirani wa kaskazini, ambao siku tatu zote walikuwa wamemfundisha mambo ya mtaa. Mjane akainama, akaninyooshea kidole.

"Huyu nani?"

Mtoto alinitazama kwa makini, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa.

"Mama wa kiberiti," alisema.

Dada yangu alitaka kumkemea. Nilimshika mkono, nikamwambia amwache, neno la kwanza lipo sawa, aendelee kuniita hivyo hivyo.